Kurekebisha kanuni za punguzo kwenye duka la mtandaoni: "na" ya bosi siyo NA ya mashine

Meseji ya bosi iliingia nikiwa nimesimama kwenye mwendokasi, mkono mmoja juu: "Mwanangu, ile ofa ya asilimia 10 ya watu wa Ilala, ongeza wateja wa Temeke na Kigamboni wakinunua zaidi ya laki. Mpaka Ijumaa. Wa jumla na mawakala usiwape."

Muuzaji yeyote wa khanga Mtaa wa Uhuru, hapa Dar es Salaam, anaielewa meseji hiyo bila kuuliza swali. Mashine haiielewi. Ukiihamisha neno kwa neno, ofa haitamfikia mteja hata mmoja wa Temeke wala Kigamboni, wenye maduka ya jumla watapata punguzo ambalo hawakupaswa kulipata, na ofa ya Ilala, ambayo haina kosa lolote, itakufa Ijumaa pamoja na nyingine. Nitapita nayo meseji hiyohiyo mwanzo hadi mwisho, kwa sababu karibu kila mtego wa kazi hii umo ndani yake.

Nazungumzia zile zana za kupanga ofa za duka ambazo huandiki msimbo wa kompyuta, unachora. Kuna boksi la kuanzia: mteja amefungua kikapu. Kuna maboksi ya masharti, kila moja lina milango miwili, Ndiyo na Hapana. Mwisho kuna maboksi ya tendo: kata asilimia 10, toa usafiri bure, usifanye lolote. Unayaunganisha kwa mishale. Majina ya vitufe hutofautiana zana hadi zana, mantiki ni ileile.

Hatua ya 1: Usiguse iliyo hewani

Tengeneza nakala ya kanuni, ipe jina linaloeleweka ("Ilala + Temeke/Kigamboni, rasimu"), uifanyie kazi hiyo nakala ikiwa imezimwa. Zana nyingine huhifadhi kila unachosogeza papo hapo. Ukifuta boksi moja saa ambayo wateja wananunua, kanuni iliyobaki nusu ndiyo inayowahudumia. Piga na picha ya skrini ya mchoro wa zamani. Inaonekana ni ushamba mpaka siku utakapoihitaji.

Hatua ya 2: Iandike meseji upya kwa karatasi na kalamu

Hapa ndipo kazi ilipo. Kwenye kompyuta ni dakika kumi tu. Kwenye karatasi unaweza kukaa nusu saa na usijute.

Anza na "Temeke na Kigamboni". Kwa Kiswahili chetu, "wateja wa Temeke na Kigamboni" ni watu wa huku pamoja na watu wa kule. Mashine, ukiipa NA (ile inayoandikwa AND kwenye skrini), inatafuta mteja mmoja ambaye oda yake inakwenda Temeke na wakati huohuo inakwenda Kigamboni. Hayupo. Kipimo ninachotumia ni hiki: je, mtu mmoja anaweza kuwa na sifa zote mbili kwa mara moja? Kama hawezi, "na" ya bosi ni AU. Kama anaweza, na bosi anazitaka zote mbili, ndipo unaweka NA.

"Zaidi ya laki". Mwenye kikapu cha 100,000 kamili yumo au hayumo? Kwenye zana, "zaidi ya" humtoa nje, "kuanzia" humweka ndani. Na bei za dukani kwetu zinaishia kwenye mafungu ya 500 na 1,000, kwa hiyo laki kamili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Nikampigia bosi.

"Shikamoo mama. Mtu akifikisha laki kamili, apate?"

"Marahaba. Ee apate, laki na kuendelea."

"Na wa Ilala nao wafikishe laki?"

"Hapana, Ilala acha hivyohivyo, elfu hamsini. Wale wako karibu."

Swali la pili lile lingenisahaulika kirahisi, na hasara yake ingekuwa kubwa: ningepandisha kiwango cha Ilala kutoka 50,000 hadi 100,000 bila mtu kuniambia nifanye hivyo.

Muulize pia hiyo laki inahesabiwa kwenye nini. Bidhaa peke yake, au pamoja na hela ya bodaboda? Bei yenye VAT au kabla yake? Kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, kikapu ambacho mteja anakiona ni 100,000, kabla ya kodi ni kama 84,746. Kanuni ikisoma bei ya kabla ya kodi, mteja atalazimika kufikisha 118,000 ndipo mlango wa Ndiyo ufunguke, na atakupigia simu akiwa na hasira za haki.

"Mpaka Ijumaa" ina mitego miwili. Wa saa nitaufikia chini. Wa kwanza ni huu: Ijumaa inahusu nini? Ofa ya Ilala ilikuwepo tangu zamani, haina mwisho. Ijumaa ni ya hawa wapya tu.

Baada ya simu hiyo, karatasi yangu ilisomeka hivi:

Mteja asiwe wa jumla, asiwe wakala. Halafu, ama anatoka Ilala na bidhaa zake zinaanzia 50,000. Ama anatoka Temeke au Kigamboni, bidhaa zake zinaanzia 100,000, na leo haijapita Ijumaa. Akitimiza, kata asilimia 10.

Sentensi haina uzuri wowote. Lakini inachoreka.

Hatua ya 3: Usome mchoro uliopo kwa kidole

Kabla ya kuongeza kitu, shika mteja mmoja wa kubuni umpitishe kwenye mishale ya sasa. Mama wa Buguruni, huko Ilala, doti nne za khanga, 60,000. Anaingia hapa, Ndiyo, anashuka, Ndiyo, anapata. Sasa mpitishe wa Mikocheni, nje ya Ilala. Anatokea wapi? Mshale wa Hapana ambao haujaunganishwa na kitu chochote uandike pembeni: kwenye zana nyingine maana yake ni "simama hapo", nyingine humpeleka mteja kwenye kanuni inayofuata kwenye orodha. Jaribu uone yako hufanya lipi, usibahatishe.

Hatua ya 4: Chora

Watu wengi huanza na maeneo. Mimi huanza na wa kukataliwa, na ninaliuliza swali kwa kukubali, siyo kwa kukanusha.

Boksi la kwanza: "Lebo ya mteja ni *jumla* AU *wakala*?" Mlango wa Ndiyo unakwenda kwenye "usifanye lolote". Mlango wa Hapana ndio unaoendelea na safari.

Kwa nini nisiandike tu "lebo siyo jumla, lebo siyo wakala"? Kwa sababu hapo utashawishika kuweka AU katikati, kama sikio linavyotaka: "siyo jumla au siyo wakala". Isome kama mashine. Mwenye duka la jumla anafika. Je, siyo wakala? Kweli, siyo wakala. Apite! Wakala anafika, je, siyo wa jumla? Kweli. Apite! Atakayezuiwa ni yule tu mwenye lebo zote mbili. Ukikanusha, AU inageuka NA, na NA inageuka AU. Wanahesabu wanaiita kanuni ya De Morgan, Mwingereza wa karne ya 19 aliyezaliwa India. Unaweza kuikariri. Ila mlango wa Hapana unaifanya kazi hiyo bure, bila kukukaanga kichwa.

Boksi la pili: "Eneo ni Ilala?" Ndiyo yake inashuka kwenye "Bidhaa kuanzia 50,000?" Hapana yake inakwenda boksi la tatu.

Boksi la tatu: "Eneo ni Temeke AU Kigamboni?" Ndiyo yake inashuka kwenye "Bidhaa kuanzia 100,000?", kisha kwenye boksi la tarehe. Boksi la tarehe liko kwenye tawi hili tu. Ukiliweka juu kabisa, kwa kuwa ndipo penye nafasi, umeifunga na Ilala.

Kama unapenda kuyabana masharti yote ndani ya boksi moja, angalia mabano. "Temeke AU Kigamboni NA kuanzia 100,000", bila kundi, kwa desturi ya kompyuta NA husomwa kwanza. Maana inakuwa: mtu wa Kigamboni afikishe laki, wa Temeke apite na doti moja ya 15,000. Wakazi wa Kigamboni wanaopanga foleni ya kivuko Magogoni wana malalamiko ya kutosha tayari, usiwaongezee. Tumia kitufe cha kuunda kundi, uwaweke Temeke na Kigamboni chini ya paa moja, ndipo NA ikae nje.

Mishale miwili ya mwisho, ya Ilala na ya hawa wengine, ipeleke kwenye boksi moja la "kata asilimia 10". Zana yako ikikataa na kukulazimisha kuweka boksi mbili, andika kwenye maelezo ya kila moja kwamba ina pacha wake. Siku bosi atakaposema ifanye 15, utabadilisha moja na kusahau nyingine. Haikwepeki.

Neno kuhusu "eneo"

Boksi la tatu linaonekana jepesi. Ndilo lililonitesa kuliko yote.

Bosi anasema Temeke akimaanisha wilaya nzima. Mteja wa Mbagala akijaza anwani haandiki Temeke, anaandika Mbagala. Wa Tandika anaandika Tandika, wa Chang'ombe anaandika Chang'ombe. Kigamboni yenyewe ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kukatwa kuwa wilaya, kwa hiyo anwani za zamani zilizohifadhiwa zinaweza kuwa na chochote. Halafu kuna "kigamboni" kwa herufi ndogo, "Kgamboni" ya haraka, na "Kigamboni " yenye nafasi mwishoni isiyoonekana kwa macho. Kwa sharti la "ni sawa na", hayo yote ni maneno tofauti.

Dawa ya kudumu ni kuufanya uwanja wa eneo (pale mteja anapojaza) uwe orodha ya kuchagua wilaya (ziko tano tu: Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo, Kigamboni). Dawa ya leo, wakati bosi anasubiri, ni kutumia "imo katika orodha hii" na kuorodhesha mitaa inayojirudia kwenye oda zako za miezi michache iliyopita. Usitumie "ina neno" kwa pupa. Ukitafuta anwani zenye neno "Temeke" utamnasa pia mtu wa Ubungo aliyeandika "jirani na duka la Temeke Hardware".

Na mteja ambaye hajajaza eneo? Swali la "eneo ni Temeke?" litamjibu Hapana, salama. Lakini siku ukigeuza ukauliza "eneo siyo Kinondoni?", huyo asiye na eneo atapita, kwa sababu patupu siyo Kinondoni.

Hatua ya 5: Saa

Hapa sisi waswahili tuna mtego wetu wenyewe. Niliwahi kuagizwa ofa ya "saa mbili mpaka saa nne asubuhi". Vidole vikaandika 02:00 hadi 04:00. Ofa ikawaka saa nane usiku, ikazima saa kumi alfajiri, dunia imelala. Saa mbili asubuhi simu zikaanza, na mimi naapa kwa wateja kwamba nimeiweka. Nilikuwa nimeiweka kweli. Ongeza sita au toa sita, kisha isome kwa sauti kabla ya kuhifadhi: 08:00, saa mbili asubuhi.

Angalia pia saa ya zana yenyewe. Dar es Salaam iko saa tatu mbele ya saa ya ulimwengu, UTC. Zana ikiwa kwenye UTC na ukaandika mwisho ni Ijumaa 23:59, kwetu itakuwa Jumamosi, saa tisa kasoro dakika moja usiku. Kwa duka la khanga siyo janga. Kwa sharti la "siku ni Ijumaa" ni tatizo, kwa sababu saa tatu za kwanza za Ijumaa yetu zinahesabiwa Alhamisi.

Ukiona uwanja unaotaka tarehe bila saa, jua kuna uwezekano mkubwa unamaanisha saa sita usiku tarehe hiyo inapoanza. "Mwisho: Ijumaa" inakuwa imekwisha usiku wa kuamkia Ijumaa, na bosi atauliza mbona Ijumaa hakuna ofa. Weka saa, au weka Jumamosi 00:00.

Ofa za Idd usizifunge kwa tarehe kabisa. Mwezi ukiandama mapema au ukichelewa, kanuni yako haina habari. Acha kitufe cha kuwasha kwa mkono na mtu wa zamu.

Hatua ya 6: Kanuni nyingine zinazokutana na hii

Tuna kuponi ya mteja mpya, inakata 5,000. Kikapu cha 120,000: ukianza na asilimia 10 unabaki na 108,000, ukitoa 5,000 ni 103,000. Ukianza na 5,000 unabaki na 115,000, ukitoa asilimia 10 ni 103,500. Shilingi 500 tu, lakini risiti na tangazo lazima vikubaliane. Na ofa mbili za asilimia 10 zikipandana hazifanyi 20. Zinafanya 19: ile 120,000 inashuka hadi 97,200.

Kubwa zaidi ni kiwango. Kikapu cha 104,000, kuponi ikitangulia kinabaki 99,000. Je, mlango wa laki utafunguka? Inategemea kama boksi linasoma bei ya kabla au ya baada ya kuponi. Chagua kwenye mipangilio, ukikosa pa kuchagua jaribu uone, halafu mwambie dada wa kaunta, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa.

Hatua ya 7: Kufuta boksi

Usifute kabla hujaweka mbadala. Nilijifunza kwa ofa ya mashuka. Kundi lilikuwa na sharti moja, "bidhaa ni mashuka", nikalitoa niweke "mashuka ya sita kwa sita". Simu ikaita, nikahifadhi, nikaondoka. Kundi likabaki tupu. Akili yangu ilidhani kundi tupu halimpi mtu kitu. Kumbe kundi la NA lisilo na sharti ni kweli daima: hakuna kilichoshindwa, basi wote wamefaulu. Mpaka narudi kutoka kula, khanga, vitenge, mapazia, vyote vilikuwa vinauzwa kwa bei ya ofa ya mashuka. Bosi alinyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kufokewa.

Kwa sababu hiyohiyo chunga sharti la "bidhaa zote kwenye kikapu ni khanga". Linatofautiana na "angalau bidhaa moja ni khanga", na kwa kikapu kitupu "zote" huwa kweli.

Hatua ya 8: Jaribu kwenye kingo

Andika jibu unalolitarajia kwanza, ndipo ubonyeze. Ukibonyeza kwanza, macho yatakubali chochote.

- Temeke, 99,500: hapana
- Temeke, 100,000: ndiyo
- Mbagala, 100,000: ndiyo
- Kigamboni, 250,000, lebo ya jumla: hapana
- Ilala, 49,500: hapana
- Ilala, 50,000: ndiyo, hata Jumamosi
- Kinondoni, 300,000: hapana
- Eneo tupu, 200,000: hapana
- Temeke, 100,000, Ijumaa saa tano usiku: ndiyo
- Temeke, 100,000, Jumamosi saa moja asubuhi: hapana

Kama zana haina sehemu ya kujaribia, fungua akaunti mbili tatu za wateja wa uongo uende nazo hadi ukurasa wa malipo bila kulipa. Tarehe ni ngumu kuigiza. Sogeza mwisho wa ofa uwe dakika tano zijazo, tazama ikizima, kisha urudishe. Na uhakikishe umerudisha.

Hatua ya 9: Washa

Zima ya zamani na uwashe mpya kwa wakati mmoja, la sivyo mtu wa Ilala atakatwa mara mbili. Mimi hufanya asubuhi mapema, kabla foleni ya oda haijaanza, na nakaa hapohapo hadi oda ya kwanza ya kweli ipite. Siku ile ilitoka Mtoni, Temeke, 112,000, ikatoka 100,800. Nikampigia picha risiti bosi. Akajibu, "Sawa. Kesho nitakwambia na Ubungo."

Kanuni ya zamani bado ninayo, imezimwa, na jina lake ni "Ilala peke yake, usifute".